Kukosa Ukurasa Si Kosa

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nilikuwa nimetoka Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alfajiri kwa boda boda, nikashika taksi Isingiro, na nilipofika kwenye karakana ya kompyuta pale Mbarara nilikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kope za macho. Nilikuwa nimebeba cheti changu cha chuo cha Bukavu ndani ya mfuko wa plastiki, na salamu nzuri nilizozifanyia mazoezi njia nzima. Mkuu wa Karakana hakuangalia cheti wala hakungoja salamu.

"Nyabo, toa viatu," alisema, akiniita bibi kwa lugha ya huku. "Hiyo vumbi ya Nakivale itakula mashine yangu."

Huyo ndiye tuliyemwita Afande. Alikuwa amestaafu jeshini, kikosi cha mawasiliano ya redio, na ingawa alivaa shati la kiraia, lilikaa mwilini mwake kama limepewa amri. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini: kifupi, chenye sauti kubwa, na ngeli alizitupa kushoto na kulia. Mimi nami nilikuwa na Kiswahili changu cha Kivu, kilichojaa fasi badala ya mahali na mingi badala ya nyingi. Wiki ya kwanza tulielewana kwa vidole. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, pekupeku, na sijawahi kumpenda bosi mwingine kama nilivyompenda yule mzee.

Ninyi vijana mnaonisoma mnadhani kompyuta ni simu yenye kioo kikubwa. Kazi yetu sisi ilikuwa chini kabisa ya kioo, mahali ambapo mtu hapaoni. Tuliandika na kurekebisha kerneli, ndiyo programu kuu inayoamka kabla ya nyingine zote na kuzigawia kila kitu: muda wa prosesa, nafasi ya kumbukumbu, ruhusa ya kugusa waya huu au ule. Karakana ilitengeneza vifaa vidogo vya kusimamia mitambo, na kila kifaa kilikuwa na kerneli ndani yake tuliyoipunguza na kuifinyanga ili iingie.

Afande alinipa kazi ya kumbukumbu. "Wewe ni mwanamke, wanawake hawasahau," alisema, na huo ndio ulikuwa usaili wangu wote. Nilitaka kumjibu kwamba kumbukumbu ya mashine ni jambo jingine, lakini nilikuwa nahitaji kazi, nikaketi kuianza.

Basi niwaeleze, kwa sababu bila hili hamtaelewa mengine. Programu yoyote ikianza kazi, kerneli huidanganya kwa wema. Huiambia kwamba ina kumbukumbu ndefu, yake peke yake, isiyo na jirani. Ukweli ni kwamba kumbukumbu ya mashine ni finyu na wanaoitaka ni wengi, kwa hiyo kerneli huikata vipande vya ukubwa mmoja vinavyoitwa kurasa, kisha hutunza jedwali linaloonyesha kila ukurasa wa programu umelala wapi hasa. Kurasa nyingine hazina pa kulala bado. Ziko kwenye kadi ya kuhifadhia, zinangoja kuitwa.

Programu ikigusa anwani iliyo ndani ya ukurasa wa namna hiyo, prosesa husimama papo hapo na kuipigia kerneli kelele. Kerneli huuliza swali moja: je, anwani hii ni haki ya programu, au imevamia ya mwenzake? Ikiwa ni haki yake, kerneli huenda kwenye kadi, huleta ukurasa, huuweka kwenye nafasi tupu, hurekebisha jedwali, kisha huirudisha programu kwenye amri ileile iliyokwama ili iirudie. Programu haijui kwamba ilisimama. Ikiwa imevamia, inauawa bila mashauri. Kelele hiyo ya prosesa, njema na mbaya pamoja, wataalamu wameipa jina moja: kosa la ukurasa.

Sisi tuliopokelewa Nakivale hatuhitaji kufafanuliwa sana. Unafika, jina lako linaandikwa, unaambiwa una kiwanja. Kiwanja ni chako, lakini hujaonyeshwa. Unalala kwenye banda la mapokezi na watoto wako mpaka siku mtu atakapotoka na kamba kuja kukupimia.

Kuna kosa la ukurasa ambalo hata likiwa la haki ni kifo. Wakati mwingine kifaa hupiga kengele ya dharura, na kerneli huacha kila kitu kuishughulikia. Katika dakika hiyo hairuhusiwi kungoja chochote. Mwandishi mzembe akiiandikia iguse ukurasa ulioko kwenye kadi, itabidi ingoje, na kungoja haiwezi, basi mashine yote inaanguka. Afande alitufundisha hilo kwa kupiga meza. "Kama bomu inalia, wewe huwezi kusema ngoja nilete kofia!" Mpaka leo nikikagua programu ya kijana naona ile kofia.

Jambo ninalotaka kuwasimulia lilitokea nilipokuwa nimekwisha kuzoeleka. Karakana ilipata kazi ya kutengeneza vifaa vya kusimamia matangi ya kupozea maziwa. Mnaijua nchi hii: ng'ombe wa pembe ndefu kila kilima, na maziwa yakichelewa kupoa yanachacha kabla lori halijafika Mbarara. Kifaa chetu kilikuwa kisanduku chenye kioo kidogo. Kiliwasha na kuzima mtambo wa baridi, kilipima joto la maziwa, na kilitoa ripoti.

Ripoti ilikuwa ugonjwa wa Afande. "Mashine lazima atoe ripoti," alisema. "Askari anayenyamaza ni askari amelala." Akataka kioo kionyeshe kila kitu, mpaka hesabu za ndani ya kerneli ambazo sisi wenyewe tulizitazama mara chache. Na akataka yote yawe kwa Kiswahili, kwa sababu wahudumu wa vituo kuanzia Isingiro hadi karibu na Kikagate walikuwa Wanyankore, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo, na hakuna lugha nyingine ambayo wote wangeisoma. Wazo lilikuwa zuri. Tafsiri aliifanya mwenyewe, asubuhi moja, kwa kalamu nyekundu, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kituo kimoja kilikuwa pembeni mwa makazi yetu ya Nakivale, na mhudumu wake alikuwa Mama Apolina. Nilimjua kanisani. Alitoka milima ya Kivu ya Kusini, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, mtu wa usafi kiasi kwamba kwenye makopo yake ya maziwa ungeweza kujitazama uso. Mshahara ule wa kituoni ndio uliowalisha yeye na wajukuu wake. Alipoupata alikuja kwangu na sahani ya sombe, kisamvu chetu cha Kongo, kunishukuru, kana kwamba ni mimi niliyemwajiri.

Mwezi haujaisha, maziwa ya kituo chake yakaanza kuchacha. Si kila siku, lakini mara nyingi vya kutosha wafugaji wakalalamika. Meneja wa Maziwa, aliyesimamia vituo vyote, alimpigia Afande simu: kifaa chenu kina shida, ama yule mama ana shida, mpaka Ijumaa nataka kujua ni nani kati yao aondoke.

Afande alituita mimi na Injinia Mkuu, binti wa Kinyankore mpole mwenye akili ya kutisha, aliyemaliza chuo kikuu palepale Mbarara. Alitupatia kadi iliyotolewa kwenye kisanduku cha Mama Apolina, kikawekewa nyingine. Tuliisoma siku nzima. Ilionyesha kwamba kifaa kilikuwa kinazima na kuwaka upya, tena na tena, hasa asubuhi. Kila kikiwaka, mtambo wa baridi ulingoja kidogo kabla ya kuanza, kwa sababu mitambo ile ikiwashwa mbiombio inaungua. Ukizima na kuwasha mara nyingi, baridi haianzi kamwe, na maziwa yanakaa na joto la ng'ombe.

Swali likawa: kwa nini kinazima? Injinia Mkuu alishuku kerneli inaanguka. Mimi nikatafuta wasia.

Wasia ndivyo tulivyouita. Kerneli ikifa kwa kosa la ukurasa lisilo na dawa, huwa inajitahidi kuandika maneno ya mwisho: anwani iliyoguswa, amri iliyokuwa inatekelezwa, na alama chache zinazosema kama ukurasa haukuwepo au ulikuwepo ila umekatazwa, kama ilikuwa kusoma au kuandika, na kama aliyegusa ni programu ya kawaida au ni kerneli yenyewe. Fundi mzuri husoma wasia huo polepole. Anwani ikiwa sifuri au karibu na sifuri, mwandishi alitumia kielekezi ambacho hakukipa kitu cha kuelekeza. Anwani ikiwa ya ajabuajabu, kumbukumbu imechafuliwa na mwingine. Mimi nilipenda kazi hiyo. Nilikaa na wasia kama mtu anavyokaa na mgonjwa, nikiuliza unaumwa wapi.

Kadi ya Mama Apolina haikuwa na wasia. Hapakuwa hata na neno moja. Kerneli ilikuwa inafanya kazi vizuri, kisha kimya.

"Mama, hii haijakufa," Injinia Mkuu aliniambia kwa sauti ndogo. "Hii imenyimwa umeme."

"Labda umeme unakatika."

"Mara nyingi hivi, na kituo jirani kinawaka?"

Sote wawili tulijua maana yake. Mtu alikuwa anazima kwa mkono, na pale kituoni palikuwa na mtu mmoja tu. Tukipeleka ukweli huo kwa Afande, Ijumaa Mama Apolina hana kazi. Injinia Mkuu alikunja kadi kwenye karatasi akanipa. "Nenda kwanza uone," alisema. "Kesho nitamwambia Afande tunaendelea kusoma." Nampenda binti huyo mpaka leo kwa sentensi hiyo.

Nilifika kituoni asubuhi wafugaji wakiwa bado kwenye foleni. Mama Apolina alinikumbatia, akanipa kikombe cha maziwa, akaendelea na kazi huku akiimba. Alimimina kopo la kwanza kwenye tangi. Akatazama kioo. Wimbo ukakatika. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanisahau kabisa, kisha akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani. Taa ya kisanduku ikazimika, halafu ikawaka.

Nilingoja foleni iishe. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kwa upole kwa nini anazima.

Alianza kulia kabla ya kujibu. "Mama Furaha, ndugu yangu, usiniuze. Ninazimaka juu ya makosa."

"Makosa gani?"

"Yangu! Si unaona ekra, kile kioo, inayaandika? Kule Mbarara kuko ukurasa wangu, banayapanga yote mule. Asubuhi ninamwanga kopo moja tu, nakuta yako mingi. Nikizima kuran ku swichi, yanafutika, inaanza ku sifuri. Lakini ikiwaka tena yanapanda mbio kupita kwanza. Nimeomba, nimefunga kula, sijue ninakosea fasi gani."

Nilikwenda kukisoma kile kioo kana kwamba sijapata kukiona. Chini ya joto la maziwa, kwa herufi kubwa za Afande, paliandikwa: MAKOSA YA UKURASA. Na mbele yake namba inayopanda.

Nilitaka kucheka na machozi yakaniwahi. Namba ile ilikuwa ya heri. Ilihesabu mara ambazo programu ilihitaji ukurasa ulio kwenye kadi na kerneli ikauleta. Kila kifaa huwa nazo, na huwa nyingi zaidi mwanzoni, kwa sababu kikiwaka hakina ukurasa hata mmoja ndani na lazima zote ziletwe. Kwa hiyo kadiri maskini yule alivyozima ili asafishwe, ndivyo mashine ilivyoanza upya na kuomba kurasa zake zote, na namba ikaruka juu mbele ya macho yake. Alikuwa anapigana na kivuli chake mwenyewe, na maziwa yanachacha.

"Mama Apolina," nikasema, "siku ulifika Nakivale, balikupa kiwanja siku ileile?"

"Hapana. Tulilala mu banda paka mvua ikaisha."

"Ulikosa fasi."

"Nilikosa, ndiyo."

"Ulikuwa umefanya kosa?"

Akafuta uso kwa kitenge. "Hapana," alisema. "Fasi yangu ilikuwako. Ni vile hawajaenda kuipima."

"Na mashini iko vilevile. Inakosa ukurasa, inatuma, ukurasa unaletwa. Ile namba inasema: nimeletewa. Haina jina yako ndani."

Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kama ninavyojua jina la mama yangu. Akauliza tena.

Kesho yake nilisimama mbele ya Afande. Nilikuwa na hofu, nisifiche. Kumweleza kwamba mama anazima ni kumtia mama kitanzi. Kumweleza kwamba tafsiri yake ndiyo iliyomfanya azime ni kukitia shingoni mwangu mimi. Nilimwambia yote mawili, kwa mfululizo, nikitazama vidole vya miguu yangu.

"Kwa hiyo yeye anazima," alisema Afande. "Amekubali. Kosa iko na mwenyewe."

"Afande, naomba nikuulize. Ukifika nyumbani jioni ukakosa chakula, umefanya kosa?"

"Hapana! Hapo kosa ni ya bibi yangu."

Injinia Mkuu aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Hata Afande alicheka. Kisha kicheko kikamtoka usoni taratibu, na nikaona lile neno likigeuka ndani ya kichwa chake. Kukosa. Kosa. Alichukua kile kisanduku cha mfano mezani, akasoma herufi zake mwenyewe kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Jeshini," alisema, "ukiona jina yako na neno makosa, hata mimi nazima."

Alinyanyua simu akampigia Meneja wa Maziwa mbele yetu. "Meneja, huyo mama asiende. Kosa iko hapa. Hapana mashine, hapana mama. Ni mimi nimeandika kitu mbaya." Alisikiliza. Meneja alikuwa anasema mengi. "Basi kama mtu lazima aondoke," Afande akajibu, "mimi nakuja huko kwako na viatu yangu mkononi." Meneja akampa mama wiki moja zaidi.

Tulibadili maneno siku hiyohiyo. Injinia Mkuu alitaka tuiondoe namba kabisa, na kwa kweli mhudumu hakuihitaji. Lakini nilimwomba aiache kwa ajili ya Mama Apolina. Kioo kikaandikwa: KURASA ZILIZOLETWA. Nilikipeleka mwenyewe. Wiki ile maziwa hayakuchacha, wala iliyofuata, na Meneja hakuuliza tena. Mama Apolina naye akapata kasoro ya upande wa pili: namba ikipanda alifurahi, na wafugaji walipofika aliwatangazia, "Leo imeletewa mingi!" Wakadhani ni habari ya maziwa, wakapiga makofi.

Baada ya hapo tulikuwa na sheria karakanani. Hakuna neno lililowekwa kwenye kioo bila kwanza kusomwa na mtu wa kituoni, akasema mwenyewe ameelewa nini. Afande aliitangaza sheria hiyo kama vile imeshuka kwake mlimani. Hakuna aliyemkumbusha ilianzia wapi.

Nilistaafu mwaka jana, macho yakikataa herufi ndogo. Siku hizi nafundisha vijana wachache hapa Kabazana, Wakongo na Warundi, kusoma wasia wa kerneli. Kila mwanafunzi mpya akiona kosa la ukurasa hushtuka na kukimbilia kuzima. Namwambia aache mkono, asome kwanza: nani kagusa, alikuwa na haki, ukurasa uko wapi. Mengi ya makosa hayo ni mtu anayedai kilicho chake. Nilivuka mpaka nikiwa na mtoto mgongoni, na njiani nikaulizwa kosa langu ni nini hata nikimbie. Kazi hii ndiyo iliyokuja kunipa jibu.

Kwenye kuniaga, pale karakanani, walikuja wote. Injinia Mkuu, ambaye sasa ndiye Mkuu wa Karakana, alileta keki. Afande alikuja na fimbo yake na chungu cha eshabwe, mchuzi wa samli wa Kinyankore, alichotuma mkewe, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mama Apolina alitoka Nakivale na kopo la maziwa, baridi bado.

Afande alisimama kuhutubia. Alianza kwa sauti ya gwaride, akafika katikati, akashusha sauti. "Nyabo," alisema, "sisi tutakukosa." Akaegemea fimbo yake. "Hiyo kosa, mimi nakubali."

Mama Apolina hakuwa amepewa nafasi ya kusema, lakini alisimama.

"Haina kosa, Afande," alisema. "Akikosekana, tutatuma mutu amulete."